Mbwa Mweusi Hukaguliwa kwa Vidole

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika licha ya mvua hii ya Aprili hapa Kampala.

Mbwa mweusi wa manyoya marefu huweza kuugua na mwenye mbwa asijue. Kupe kwenye mbwa mweupe utamwona ukiwa umekaa barazani. Kwa mweusi humwoni hata jua la utosini. Basi kila jioni vidole vipite: masikioni, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Ukigusa kitu kama punje ya mtama, fungua manyoya, mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu. Mafuta ya taa msipake, yanaunguza. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe, nawasihi, msimmwagie mbwa kwa kukadiria, inaweza kumuua.

Vidole hivyohivyo vitakutana na mafundo, hasa nyuma ya masikio na mapajani. Mchane kwanza, ndipo umwogeshe. Fundo likilowa hukaza, na ngozi iliyo chini yake hukosa hewa, ikachubuka. Shika manyoya kwenye shina ili ngozi isivutwe, anza kuchana nchani. Kisha mkaushe vizuri. Matandiko yake nayo yapigwe pasi, maana nzi wa embe hutaga kwenye kitambaa chenye unyevu na funza wake huingia ngozini.

Bwana mmoja ameniuliza mlangoni kama amnyoe mbwa wake kwa sababu ya joto. Hapana, bwana. Yale manyoya ya juu humkinga na jua. Kinachomzidishia joto ni manyoya laini ya ndani yaliyokufa yakabaki humo. Hayo yatoe kwa brashi.

Sasa, weusi unaogeuka kuwa wekundu. Wengi hulaumu sabuni. Jua hupausha manyoya, kweli, na mate ya kujilamba huyatia rangi. Lakini tazameni pia bakuli. Weusi hutengenezwa na tairosini, inayotokana na protini, na mbwa anayelishwa posho tupu, yaani ugali wa mahindi, haipati ya kutosha. Mchanganyieni mukene, yaani dagaa, waliooshwa mchanga, au mayai ya kuchemsha. Msitegemee badiliko wiki ijayo: nywele zilizokwisha kuwa nyekundu hazirudi nyuma, mtasubiri mpya ziote, na hiyo ni kazi ya miezi.