Watazamaji Hutangulia Filamu

Ndugu Mwenyekiti, watayarishaji wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna filamu huru, yaani isiyotengenezwa na studio kubwa, yenye bajeti ndogo inavyojipatia watazamaji. Mara nyingi swali hili huulizwa wakati filamu imekwisha kuhaririwa na mfuko umekauka, ilhali kazi yenyewe ilipaswa kuanza pamoja na uandishi wa skripti.

Oscar Micheaux, Mmarekani mweusi aliyekuwa mkulima kabla ya kuwa mwongozaji, aliandika riwaya na kuziuza mwenyewe nyumba kwa nyumba. Alipoamua kuigeuza mojawapo kuwa filamu, iliyotoka mwaka 1919, aliuza hisa za kampuni yake ili apate mtaji, na baadaye akawa akizunguka na filamu zake ukumbi hadi ukumbi, akiwashawishi wenye kumbi watoe malipo ya awali kwa kazi ambayo bado hajaipiga. Hakuwa na studio kubwa nyuma yake, lakini aliwajua wanunuzi wake na mahali pa kuwapata.

Ukimuuliza mtayarishaji filamu yake ni ya nani, atakujibu kuwa ni ya kila mtu, na hapo ndipo bajeti ndogo inapoteketea. Tuchukue filamu inayomhusu mkunga. Watazamaji wake wa kwanza ni wakunga, wanafunzi wa uuguzi na vyama vyao, watu ambao tayari wana mikutano, majarida na vikundi vya simu. Waombeni wakague skripti, wasahihishe namna mhusika anavyomshika mtoto anayezaliwa, nao watawaleta wenzao siku ya onyesho bila kulipwa.

Majina ya watu hao yawekwe katika orodha ya barua pepe au namba za simu, kwa ridhaa ya wenyewe. Wafuasi wa mitandao ya kijamii wana faida yao, sikatai, ila mwenye mtandao ndiye anayeamua ni wangapi kati yao wataliona tangazo lako. Katika kila onyesho la majaribio, karatasi na kalamu zipitishwe safu kwa safu taa zinapowashwa, kabla ya maswali na majibu, kwa sababu baada ya swali la kwanza watu huanza kutoka.

Jambo moja hupuuzwa mno, nalo ni picha za mnato, yaani picha zisizosogea za kuitangazia filamu. Fremu, yaani picha moja, iliyokatwa kutoka kwenye video ya mwendo wa fremu 24 kwa sekunde mara nyingi hutoka na ukungu mahali mwigizaji aliposogeza mkono, na mhariri wa gazeti hataichapisha. Mpeni mpigapicha siku mbili tu za kuwapo kwenye seti.

Kuhusu matamasha ya filamu nitasema machache: someni masharti kabla ya kuiweka filamu nzima kwenye intaneti, kwa kuwa baadhi hudai onyesho la kwanza liwe lao.

Msambazaji naye akija, mkataba umwachie mwenye filamu haki ya kufanya maonyesho maalumu na kuuza nakala kwa watu walio katika orodha yake. Wapo wasambazaji wanaotaka haki zote kwa miaka mingi bila kuahidi hata shilingi ya matangazo, na kwangu mimi mkataba wa namna hiyo hautiwi saini, hata kama ndio pekee uliopo mezani.