Wewe ni wa Wapi, na ni wa Nani? Mwanajeshi Mstaafu Mbele ya Kura za Mchujo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie wanajeshi wastaafu wanaowania ubunge nchini Marekani, hasa ile hatua ya kwanza ya kutafuta tiketi ya chama. Sitaanza na takwimu. Nitaanza na mtu aliyechoshwa na swali.

Mwaka 1982 John McCain alitaka tiketi ya Republican katika eneo bunge la kwanza la Arizona. Alikuwa amestaafu Jeshi la Majini mwaka mmoja tu kabla. Arizona palikuwa kwao mkewe. Yeye alikuwa mgeni. Siku ileile mbunge wa eneo hilo, John Rhodes, alipotangaza kung'atuka, mke wa McCain alinunua nyumba humo. Wapinzani wangetaka nini tena? Wakamwandama kila alipokwenda: huyu kaja juzi, kafuata kiti. Mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akawajibu kwamba babu yake alikuwa mwanamaji, baba yake mwanamaji, na yeye mwenyewe ametumikia miaka 22, na watu wa jeshi hawakai mahali pamoja. Kisha akasema kwamba, akihesabu vizuri, mji alioishi muda mrefu kuliko mwingine wowote ni Hanoi.

Hanoi, huko Vietnam, ndiko alikoshikwa mateka wa vita, tangu 1967 hadi 1973.

Mchujo akaushinda. Lakini aliushinda kwa takriban theluthi moja ya kura, katika kinyang'anyiro cha watu wanne. Naomba msiipite haraka hiyo theluthi. Mtu amekaa gerezani miaka mitano na nusu kwa ajili ya nchi yake, ametoa jibu ambalo mpaka leo linasimuliwa, na bado kila wanachama watatu waliopiga kura, wawili walimtaka mwingine.

Jambo ninalotaka kulisema leo ni hili. Kura za mchujo humuuliza mgombea maswali mawili: wewe ni wa wapi, na wewe ni wa nani. Na jeshi ni taasisi inayomlea mtu kwa miaka mingi asiwe wa mahali popote wala wa chama chochote. Anahamishwa leo Virginia, kesho Ujerumani, keshokutwa Japani. Akiwa kazini haruhusiwi kuwania cheo cha kisiasa kwa tiketi ya chama, wala kupanda jukwaa la chama akiwa na sare. Katiba nayo inakataza mtu kuwa na kazi ya serikali ya shirikisho na kiti cha Bunge kwa wakati mmoja. Hata akishatoka, akitaka kuweka picha yake ya sare kwenye bango la kampeni, kanuni za Wizara ya Ulinzi zinamtaka aandike wazi kwamba wizara haimuungi mkono. Mtu huyo, aliyezoea kufunga mdomo, ndiye anayekwenda kuwashawishi watu wenye mapenzi makali na chama kuliko raia wote.

Maana wanaojitokeza kwenye mchujo ni wachache. Katika miaka ambayo hakuna uchaguzi wa rais, ni kama mmoja kati ya watano wa wapiga kura walioandikishwa. (Sisi Kenya tunaziita kura za mchujo, Tanzania ni kura za maoni, kwa leo nitashika letu, kwa sababu linachuja kweli.) Wisconsin ilipitisha sheria ya mchujo wa jimbo zima mwaka 1903 ili kuwapokonya wakubwa wa vyama uteuzi uliokuwa ukifanyika nyuma ya mlango. Leo kila jimbo lina namna yake. Florida na New York, usipokuwa umejiandikisha katika chama hupigi kura ya mchujo wa chama hicho. California huwachanganya wagombea wote kwenye karatasi moja na wawili wa juu wanasonga mbele, hata wakiwa wa chama kimoja. Texas inadai zaidi ya nusu ya kura. Ikikosekana, wawili wa kwanza wanarudi duru ya pili.

Texas hiyo ndiyo iliyomtoa Dan Crenshaw. Alikuwa komando wa Navy SEAL, bomu lilimng'oa jicho la kulia Afghanistan mwaka 2012. Mwaka 2018 Warepublican tisa waligombania eneo bunge la pili la jimbo hilo, na mmoja wao alimwaga mamilioni ya dola ya mfukoni mwake. Crenshaw alimpita huyo tajiri na kushika nafasi ya pili kwa kura 155. Mia moja hamsini na tano! Hiyo ni idadi ya watu wanaoweza kukaa katika ukumbi huu na viti vikabaki. Duru ya pili akashinda kwa mbali.

Kwa nini sare ilimfaa pale? Kwa sababu katika mchujo wote ni wa chama kimoja. Ukiwauliza kuhusu kodi, bunduki, mpaka wa Mexico, majibu yanafanana kama mapacha. Sera zikifanana, mpiga kura anaangalia maisha ya mtu. Kwenye uchaguzi mkuu mambo hugeuka, kwa kuwa wengi hupigia chama, na nishani haimvushi mtu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa hiyo mimi naona thamani ya utumishi wa jeshi iko juu kabisa kwenye hatua hii ya kwanza, ilimradi yale maswali mawili yapate majibu.

La kwanza, la mahali, Katiba imelirahisisha kuliko wapiga kura. Inataka mbunge awe amefikisha miaka 25, awe raia kwa miaka saba, na awe mkazi wa jimbo. Haikusema lazima aishi ndani ya eneo bunge lenyewe. Tammy Duckworth, aliyepoteza miguu yote miwili helikopta yake ilipodunguliwa Iraq mwaka 2004, aliwania eneo bunge la sita la Illinois mwaka 2006 akiishi nje kidogo ya mpaka wake. Viongozi wa chama cha Democratic walikuwa nyuma yake. Mchujo aliupata kwa tabu dhidi ya mwanachama wa pale pale, na uchaguzi mkuu akaukosa. Ubunge aliupata 2012, katika eneo jingine.

La pili ndilo gumu, na hapa nitakaa kidogo na Amy McGrath.

Huyu alikuwa rubani wa kivita wa Marine, moja ya matawi ya jeshi la Marekani, miaka 20 kazini. Mwaka 2017 alirudi Kentucky kutafuta tiketi ya Democratic ya kuwania ubunge mwaka 2018. Wakubwa wa chama Washington walimpendelea meya wa Lexington. McGrath akatoa video kuhusu ndoto yake ya utotoni ya kurusha ndege za kivita wakati sheria haikuwaruhusu wanawake. Watu wakaisambaza nchi nzima, michango ikamiminika, na akamshinda meya. Uchaguzi mkuu alishindwa kwa pointi chache.

Uchaguzi uliofuata, wa 2020, akalenga Seneti, kiti cha Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Warepublican humo. Safari hii wakubwa walikuwa upande wake, na fedha alikuwa nazo tele. Lakini Julai 2019, siku moja tu baada ya kuingia ulingoni, alisema huenda angempigia kura ya ndiyo Brett Kavanaugh, mteule wa Rais Trump aliyepingwa vikali na Democratic, kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Siku hiyohiyo akabadili kauli. Askari anaweza kusema amelipima jambo upya. Mwanachama anasikia kitu kingine: huyu hajui ni wa nani. Mchujo ulipofika mwaka 2020, Charles Booker, mbunge katika Bunge la jimbo la Kentucky asiyekuwa na hata robo ya fedha zake, akakaribia kumwangusha. Tofauti haikufika pointi tatu. Novemba McConnell alimshinda kwa karibu pointi 20.

Takwimu moja tu, kisha namaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya wabunge saba katika kila kumi walikuwa wamepitia jeshini. Sasa hawafiki wawili. Uandikishaji wa lazima ulikoma 1973, na kizazi cha Vita Kuu ya Pili kimekwisha. Mpiga kura wa zamani alimtazama mgombea mwenye sare akamjua, kwani naye alivaa. Wa leo anamheshimu kwa mbali, kama anavyoheshimu daktari wa upasuaji.

Kabla hatujaanza, kijana mmoja ameniuliza hapo mlangoni: basi mgombea azitoe nishani zake au azifiche? Mwaka 1946 John F. Kennedy, naye akiitwa mgeni huko Massachusetts, alisambaziwa na kambi yake nakala 100,000 za makala ya jarida iliyosimulia jinsi alivyowaokoa mabaharia wake baharini. Alishinda mchujo, akaenda Bunge. Massachusetts hiyohiyo, Septemba 2014, Seth Moulton wa Marine alimng'oa katika mchujo John Tierney, mbunge wa mihula tisa. Kwamba alipigana Iraq mara nne hakuficha. Alichokificha ni nishani mbili za ushujaa; hata wazazi wake hakuwa amewaeleza. Gazeti la Boston Globe lilizifichua Oktoba, na wana Democratic walikuwa wameshampitisha mwezi mmoja kabla, bila kujua kwamba zipo.