Piga, hit, slå: kipigo katika kinywa cha mkalimani

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja na baridi hii.

Niliombwa nizungumzie maneno ya Kiingereza ya kupiga na tafsiri zake za Kiswidi. Ombi lenyewe lina sababu. Wengi wetu tunaofanya ukalimani hapa Sweden tulifika na Kiingereza tayari, na kamusi ya kwanza tuliyoishika ilikuwa ya Kiingereza na Kiswidi. Basi tukazoea kupita huko: Kiswahili kwenda Kiingereza, Kiingereza kwenda Kiswidi. Nitawaeleza njia hiyo ilinifikisha wapi.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Niliitwa usiku kwenye idara ya dharura ya watoto. Nikamkuta mama mmoja, Mkongo wa Kivu, amempakata mwanawe mdogo. Mtoto ana nundu kwenye paji la uso, ile nundu mpya inayong'aa. Muuguzi akainama, akauliza kwa upole kabisa: "Var slog han sig?" Mimi nikalidaka lile "slog". Slog, ambayo ni slå ya wakati uliopita, ni "hit", na "hit" ni piga. Nikamwambia mama: "Alipigwa wapi?"

Mama hakumtazama muuguzi, alinitazama mimi. Mkono uliokuwa ukimpapasa mtoto mgongoni ukasimama. Akasema, "Hakuna mutu alimupiga." Nami nikalitafsiri jibu hilo kwa usahihi wote: "Ingen har slagit honom." Sasa ikawa zamu ya muuguzi kuinua kichwa, maana mama anakanusha jambo ambalo hajaulizwa.

Muuguzi alikuwa ameuliza tu mtoto amejigonga wapi. "Slå sig" ni kujigonga, ni kuumia kwa kuanguka au kugota kitu. Watu wazima wa hapa humwambia kila mtoto aliyeanguka: "Slog du dig?" Yaani, umeumia? Nilipotambua nilisimamisha mazungumzo, nikasema kwa lugha zote mbili kwamba kosa ni la mkalimani, nikauliza upya. Mama akajibu kwamba alikuwa anapanda kochi, akagonga pembe ya meza. Basi. Lakini ule mkono uliosimama mgongoni kwa mtoto nauona mpaka leo, na ndio ulionifanya nianze kuyaandika maneno haya kwenye daftari.

Nilichokigundua ni hiki: slå haifanani na "hit". Slå inafanana na piga yetu.

Mwingereza ana kitenzi chake kwa kila namna ya kipigo. Kofi lina "slap", ngumi ina "punch", teke lina "kick", mjeledi una "whip". Sisi tuna piga, na jina linalofuata ndilo linaloeleza: piga kofi, piga ngumi, piga teke. Tena piga yetu imetoka kitambo kwenye ugomvi, ikaenda kufanya kazi nyingine. Na slå imefanya safari hiyo hiyo. Kupiga kambi ni "slå läger". Kupiga ngoma ni "slå på trumman". Kupiga mbiu ya hatari ni "slå larm". Ukitaka kumpigia mtu simu, "slå en signal", na namba yenyewe unaibonyeza kwa "slå numret". Watoto wakipiga pindu kwenye nyasi, "de slår kullerbyttor". Radi ikipiga, "blixten slår ner". Na mapigo ya moyo ni "hjärtslag", moyo na pigo, kama tulivyolitunga sisi. Jaribu kupiga kambi au simu kwa "hit" ya Kiingereza uone kama mtu atakuelewa.

Si kila mahali, ni kweli. Picha Waswidi hawaipigi, wanaichukua. Nao wanapiga vitu ambavyo sisi hatuvipigi: "slå gräset" ni kukata majani, "slå in" ni kufunga zawadi kwa karatasi, "slå upp" ni kulitafuta neno kwenye kamusi, na hiyo hiyo "slå upp" ni kuvunja uchumba. Ila ukishajua kwamba una ndugu wawili mbele yako, hata tofauti zao utazikumbuka upesi.

Undugu huu unatufundisha kusubiri. Nalikazia kwa sababu hapa ndipo mtu huumizwa. Shahidi yuko mbele ya polisi, anasema, "Alinipiga…" Mkalimani mwenye haraka anatoa, "Han slog mig." Shahidi anamalizia, "…risasi." Umechelewa. Ilipasa iwe "Han sköt mig". Akimalizia kwa kisu, kuna "knivhögg". Kwa teke, "sparkade". Akimalizia kwa busu, ni "kysste", na umeshamfanya mtu mpigaji mbele ya polisi. Piga peke yake bado haijasema kitu. Funga mdomo mpaka jina lije.

Na Waswidi nao, slå peke yake haijamaliza kusema. Sikilizeni vineno vinavyofuata. "De slog sig ner", waliketi. "De slog ner honom", walimpiga akaanguka. Ukikikosa kile "sig", watu waliokuja kunywa kahawa wanageuka genge. Na "slog ihjäl" ni kupiga mpaka kuua.

Je, shahidi akisema tu "alinipiga", akanyamaza? Usimsaidie. Usimpe kofi wala ngumi ambayo hakuitaja. Toa "slog", mwachie polisi aulize kwa nini na kwa kitu gani. Kazi hiyo ni yake.

Turudi kwa Kiingereza, maana sijakuja kukisema vibaya. Kina historia tamu inayotuhusu. Neno "hit" Waingereza hawakuzaliwa nalo. Walilipata kwa watu wa Skandinavia waliovuka bahari kwenda Uingereza zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na kwao "hitta" ilikuwa kukutana na kitu, kukifikia. Waingereza wakalipeleka kwenye kipigo. Huku lilikobaki, "hitta" leo ni kukipata kilichopotea. "Jag hittade nycklarna", nimezipata funguo. Sasa sikilizeni Kiswahili: jiwe limempata kichwani, funguo nimezipata. Pata yetu inabeba maana zote mbili ambazo hizo lugha mbili zimegawana! Nilipoliona hilo niliwaamsha watu nyumbani niwaambie.

Lililo karibu nalo kwa maana ni "träffa". Risasi ikimpata mtu, "kulan träffade honom". Na rafiki yako akikuambia "vi träffas i morgon", anataka mkutane kesho, hana silaha. Sisi nasi husema, tuligongana na fulani sokoni.

Kisha kuna "strike" ya Kiingereza. Ndugu yake wa Kiswidi ni "stryka", nayo ni laini: kupapasa, kupitisha mkono juu ya kitu. Kufuta neno kwenye orodha ni "stryka". Kupiga pasi shati ni "stryka skjortan". Yaani kwenye pasi tulipo na piga, wao wana kupapasa. Lakini toa irabu ya mwisho, "stryk", ukaambiwa "du ska få stryk", hapo umeahidiwa kipigo. Timu ikifungwa mabao mengi nayo "får stryk", kama magazeti yetu yanavyoandika kwamba Simba yaichapa fulani, Yanga yaitandika fulani. Mgomo wa wafanyakazi, "strejk", waliuchukua kwa Waingereza baadaye, ni neno jingine kabisa mdomoni.

"Beat" nitaipita haraka. Mwingereza anaitumia kwa mayai, zulia na mpinzani. Mswidi anagawa: mayai "vispa", zulia "piska", mpinzani "slå" au, kwa lugha ya vijana, "spöa", kutoka "spö", ufito. Vile vyuma mnavyoviona nje ya nyumba za ghorofa, ambavyo watoto huning'inia, ni vya kutundika mazulia yapigwe vumbi.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "klappa". Kupiga makofi ni "klappa händerna". Kumpapasa mtoto kichwani nako ni "klappa". Ongeza kineno kimoja, "klappa till", umemzaba mtu. Basi mwalimu wa chekechea akisema "jag klappade honom", msiruke. Na zawadi ya Krismasi, "julklapp", imetoka humo: zamani mtoaji aligonga mlango, akairusha zawadi ndani, akakimbia asijulikane. Zawadi ikabaki na jina la kule kugonga mlango. Kwetu tungeiita hodi ya Krismasi.

Sasa neno zito. "Aga." Kwetu kuaga ni kusema kwaheri. Kwa Waswidi "aga" ni kumpiga mtoto kwa ajili ya kumwadhibu, na wanalitaja kwa sauti nzito. Kiingereza hakina neno moja linalolingana nalo. "Spank" ni jepesi mno, nalo lina "smiska" yake. Fimbo za shule za msingi zilipigwa marufuku hapa mwaka 1958. Tarehe 1 Julai 1979 sheria ikaingia nyumbani, na Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kuwakataza wazazi kuwapiga watoto wao. Waliieneza habari hiyo mpaka kwenye paketi za maziwa, mtoto aisome na mzazi aisome kwenye meza moja asubuhi. Kwao fimbo ya kuchapia ilikuwa "ris", vijiti vya mbetula vilivyofungwa pamoja. Mkiona karibu na Pasaka vinauzwa sokoni vimepambwa kwa manyoya ya rangi, jueni kwamba Ijumaa Kuu ya zamani watu walichapwa kwa vijiti hivyo, kukumbuka mateso ya Yesu. Leo vinawekwa kwenye chombo cha maua.

Tunatoka kwenye nchi zenye sheria tofauti. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 29, inakataza adhabu ya viboko. Tanzania kanuni za shule bado zinaviruhusu. Na hata penye katazo, "nitakuchapa" imebaki mdomoni mwa mama kama "njoo ule". Dada mmoja aliniandikia kabla ya leo: yuko kwenye kikao cha chekechea, mama anacheka, anamwambia mwanawe "subiri tufike nyumbani, nitakuchapa". Atafsiri vipi?

Dada, tafsiri. Sisi hutafsiri kila kinachosemwa. Ukilainisha ukasema "atamkemea", umemwamulia mwalimu na umemwamulia mama. Lakini usiseme "misshandla" pia, yaani kumshambulia na kumdhuru mtu, hilo ni neno la mahakama. "Jag ska smiska dig" ndilo lililo karibu. Mwalimu akiuliza, mama atajieleza mwenyewe, nawe utatafsiri maelezo yake kwa uaminifu ule ule. Na mwambieni kila mama kabla kikao hakijaanza kwamba mtatafsiri yote, hata utani. Mwalimu na muuguzi wana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa wakihofia mtoto anapigwa. Mama ana haki ya kulijua hilo mapema.

Na piga yetu? Kwa Kiswidi "piga" ni mfanyakazi wa kike wa shambani wa zamani, na "nyckelpiga" ni yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi. Binti yangu ndiye aliyenifundisha, kamshika mdudu huyo kwenye kiganja.

Chukueni karatasi iliyo mbele yenu. Kuna sentensi kumi na mbili, zote zina piga, na nimezikata kabla ya jina. Wawili wawili. Mmoja asome, mwenzake asubiri nukta tatu kabla ya kufungua mdomo. Mzee hapo dirishani, tuanze na wewe: "Walimpiga…"