Fani Ndogo ya Masomo ya Jinsia na Wanawake: Ipange Mapema, Iunge na Fani Kuu

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mliokuja kusoma shahada ya kwanza hapa Marekani mko kwenye uuguzi, uchumi, kompyuta au afya ya jamii. Hatukuja kuwashawishi muache hayo. Tunataka kuzungumzia masomo ya jinsia na wanawake kama fani ndogo inayokaa ubavuni mwa fani kuu, na hasa namna ya kuyapanga, maana wanaoshindwa kuyamaliza mara nyingi hushindwa kwa ratiba, si kwa ugumu wa masomo.

Fani yenyewe si ngeni tena. Chuo kikuu cha San Diego State, California, walikuwa na programu yake tangu 1970, na Makerere, kwetu kule, walifungua idara mwaka 1991.

Sasa hesabu. Shahada ya miaka 4 kwa kawaida ni krediti 120. Fani ndogo huchukua takriban krediti 15 hadi 21, yaani kozi 5 hadi 7 za krediti 3 kila moja: utangulizi, nadharia, kozi kadhaa za kuchagua, na kwa baadhi ya vyuo semina ya mwisho. Inaonekana nyepesi. Lakini idara hizi nyingi ni ndogo, na kozi ya nadharia huenda ikafundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, tena hairuhusiwi kabla ya utangulizi. Anayeamka mwaka wa 4 muhula wa mwisho anakuta nadharia ilishafundishwa muhula uliopita, na basi, imekwisha. Utangulizi uwe mwaka wa 1 au wa 2, nadharia mwaka wa 3.

Kabla ya kutangaza fani ndogo, muulize mshauri wa masomo mambo matatu. Ni kozi ngapi zinaweza kuhesabiwa kwenye fani kuu na fani ndogo kwa pamoja? Vyuo vingi huweka kikomo. Alama ya chini ni ipi? Mara nyingi ni C, na kozi uliyoisoma kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila alama huwa haihesabiki. Na je, kozi ulizosoma chuo kingine zitapokelewa? Majibu yaje kwa barua pepe, uyahifadhi. Mshauri anaweza kuhama. Barua pepe haihami.

Kosa kubwa zaidi ni kwenye kozi za kuchagua. Watu huokota zinazoangukia saa nzuri: filamu hapa, fasihi pale, historia kidogo. Wakimaliza wana krediti 18 na hawawezi kueleza walisoma nini. Chagua swali moja linalogusa fani yako kuu, kisha kila kozi ilitumikie. Wa uuguzi achukue afya ya uzazi, sera ya afya, kazi za malezi. Wa uchumi achukue umiliki wa ardhi, na kazi zisizo na malipo.

Mtaona faida yake kwenye mfano huu, ambao mtaukuta darasani. Wanawake weusi walioishtaki General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, kwa ubaguzi walishindwa mahakamani mwaka 1976. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, ila weupe. Ilikuwa imeajiri weusi pia, ila wanaume. Mahakama ikakataa kuunganisha madai ya rangi na ya jinsia. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hii kuonyesha jinsi mtu anavyopotea kati ya mafungu mawili. Ninyi wa takwimu, hilo ni jambo la kufanya kwa mikono: usiishie kwenye jedwali la jinsia na jedwali la rangi. Yakutanishe, utazame kila kisanduku. Kisanduku kikiwa na watu wachache mno, kiandike hivyo hivyo. Usikifute ili jedwali lipendeze.

Kwetu iko kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, 1983. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ilisema ni mchango. Wengi huishia hapo kwenye insha zao wakishangilia. Soma hadi mwisho: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona ameshatapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia biashara. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Insha nzuri inaanzia kwenye pengo hilo.

Wenye viza ya mwanafunzi wa kigeni, yaani F-1, hili ni lenu. Mzigo kamili wa shahada ya kwanza ni krediti 12 kwa muhula, na kati ya hizo kozi 1 tu ya mtandaoni, au krediti 3, ndiyo inayohesabiwa. Kozi za jinsia hupatikana sana mtandaoni. Usijaze ratiba nazo. Jambo la pili: kibali cha mafunzo kazini hutolewa kwa kazi inayohusiana moja kwa moja na fani kuu. Nafasi yenye malipo kwenye shirika la wanawake haikubaliki kwa sababu ya fani ndogo peke yake. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini chochote, si baada ya wiki ya kwanza ya kazi.

Na kama semina ya mwisho itakutaka uhoji watu, peleka maombi kwa kamati ya maadili ya utafiti mapema mwanzoni mwa muhula. Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na mahojiano uliyoyafanya kabla ya kibali huwezi kuyatumia. Wanaochelewa huishia kuandika kutokana na nyaraka tu. Karibuni kwa maswali.