Majibu ya Mke si Majibu ya Mume

Mhadhara mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, Nairobi

Wenzangu, hamjambo. Walionisikia zamani wanajua ninachokuja kusema, na nitakisema tena, maana wiki hii nimepita barabarani nikaona bango jingine linalomwambia mwanamume awe shujaa, aende akapimwe virusi vya UKIMWI. Awe shujaa! Mabango hayo tumeyabandika miaka na miaka. Nataka leo tuache kuzungumzia ushujaa.

Tunapenda kusema wanawake hupimwa kwa sababu ni majasiri na wanaume hawapimwi kwa sababu ni waoga. Hesabu zetu wenyewe zinakataa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2003 uliuliza nani amewahi kupimwa akapewa majibu. Wanawake walikuwa asilimia 13, wanaume 14. Mmesikia? Wanaume walikuwa mbele kidogo. Ulipofanywa tena 2008-09, wanawake walikuwa wamefika 57, wanaume 40. Mwaka 2014, wanawake 83, wanaume 71. Sasa niambieni, katika ile miaka mitano ya kwanza wanaume wa Kenya waliingiwa na woga gani wa ghafla?

Hawakuingiwa na woga wowote. Kilichotokea ni kliniki ya wajawazito. Kipimo cha virusi kiliingizwa katika huduma ya kawaida ya mama, pamoja na mkojo, presha na kundi la damu, na kwa sababu nzuri: bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya kila 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi huambukizwa, kwa dawa, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Kwa hiyo mwanamke hakukitafuta kipimo. Kilimkuta kwenye foleni akiwa na mimba. Mwanamume hana foleni ya namna hiyo, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Niwaeleze fundi mmoja wa Kamukunji, wale wanaogonga mabati kutengeneza masanduku ya wanafunzi. Tulikuwa tumepiga hema la kupimia karibu na vibanda vyao. Nikamsalimia, nikamuuliza kama amewahi kupimwa. "Mama, mimi niko sawa, nilishapimwa." Lini? Akafuta mikono, akatoa simu, akanionyesha picha. Ilikuwa ukurasa wa kijitabu cha kliniki cha mkewe. Aliupiga picha akauhifadhi. "Si unaona? Hana. Na sisi tunalala kitanda kimoja. Ningekuwa navyo, si naye angekuwa navyo?"

Hakuwa anatania wala kukwepa. Alikuwa amefikiri, na fikira yake inaonekana kuwa na mantiki. Lakini ni makosa, na yanaua watu. Virusi haviambukizi kila mara watu wanapokutana. Wawili wanaweza kuishi pamoja miaka, mmoja anavyo na mwingine hana. Utafiti wa KAIS wa 2007, ule wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI, uliona kwamba karibu nusu ya watu wa ndoa wenye virusi, wenzi wao hawakuwa navyo. Karibu nusu! Kwa hiyo majibu ya mke yanatueleza habari za mke, siku ile aliyopimwa. Ya mume hayamo kwenye kijitabu kile.

Nilimweleza hayo yote, akanisikiliza, akakubali. Nikasema, basi njoo, ni dakika chache. Akatazama hema, akawatazama wenzake. "Nikiingia pale nikikawia, jioni nitakuwa hadithi ya Kamukunji nzima. Halafu nina masanduku ya kumaliza leo, nalipwa kwa sanduku. Njooni jioni nikifunga." Tulifunga hema saa kumi. Yeye hufunga kazi saa kumi na mbili na nusu.

Hapo mwoga ni nani? Mtu amekubali kupimwa, ametaja saa, ametaja sharti lake, nasi tumekunja turubai tukaenda zetu, kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba wanaume hawaitikii. Naomba sentensi hiyo isiandikwe tena na mtu yeyote aliyemo katika ukumbi huu.

Najua mmoja wenu anasema moyoni: mbona tuhangaike na wanaume, si wanawake ndio wengi wenye virusi? Ni kweli. KENPHIA ya 2018, utafiti wa kitaifa uliopima virusi nyumba kwa nyumba, ilikuta asilimia 6.6 kwa wanawake wa miaka 15 hadi 64, na 3.1 kwa wanaume. Lakini wengi wa wanawake hao waliambukizwa na nani kama si mwanamume? Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kati ya wanawake wenye virusi, karibu 83 kwa 100 walijua hali yao. Kwa wanaume ni karibu 73. Asiyejua hawezi kuanza dawa. Na tangu 2016 Kenya imeamua kila anayepatikana na virusi aanze dawa mara moja, bila kungoja adhoofike. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha damu hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Ukimpima mume, umemlinda mke. Sioni kwa nini jambo hili lielezwe kila mwaka kama habari mpya.

Mwingine anasema: basi walazimishwe. Hapana. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe kama sharti la kazi, la shule, la matibabu, la bima. Na wachungaji mliopo, ndoa pia imetajwa humo. Washaurini wachumba wapimwe, waelezeni faida, lakini msiwadai cheti.

Njia iko, na imeshajaribiwa hapa hapa nchini. Kisumu, kina mama 600 waliokuwa wajawazito au wametoka kujifungua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kadi za kuwaalika waume zao kliniki. Jingine lilipewa vipimo vya kujipimia wakaenda navyo nyumbani. Ndani ya miezi mitatu, wanaume wa kundi la kadi waliopimwa walikuwa kama 52 kwa 100. Wa kundi la vipimo walikuwa 91. Ni mji ule ule, wanaume wale wale. Tofauti ni kwamba kipimo kilifika mezani kwake usiku, mlango umefungwa, hakuna fundi mwenzake anayechungulia.

Wapo wanaohofia kwamba mtu akijipimia peke yake atajidhuru. Hofu hiyo naiheshimu, na dawa yake ni kumpa nambari ya simu ya mshauri pamoja na kipimo, na kumweleza kwamba kikionyesha virusi lazima majibu yathibitishwe kituoni kabla ya lolote. Hofu ninayoipa uzito zaidi ni ya mama anayepigwa nyumbani. Huyo msimbebeshe kipimo. Muulizeni kwanza, faraghani, na akisita mwacheni.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia waliovuka miaka 50, ambao karibu hakuna anayewauliza. Na wanawake waliokwisha kuzaa, au ambao hawajawahi kushika mimba, ambao foleni ile ya kliniki nao imewapita. Nilitaka pia kujibu wanaosema virusi ni mambo ya Homa Bay na Siaya, huko kando ya Ziwa Victoria. Nairobi ilikuwa na asilimia 3.8 kwenye KENPHIA, lakini sisi ni zaidi ya milioni 4. Pigeni hesabu wenyewe.

Fedha zimepungua, hasa tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na wenzetu wengi wamepoteza kazi. Kubadilisha saa za hema, hata hivyo, hakuhitaji mfadhili. Ya Kamukunji na Gikomba yafunguliwe saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku. Ndani pimeni presha na sukari kwanza, ili anayeingia asisomwe usoni na wenzake. Kwenye matembezi ya nyumba kwa nyumba, muulizeni mume mwenyewe tarehe aliyopimwa, na akitaja kliniki ya mkewe, andikeni hajapimwa. Fomu za kuomba vipimo vya kujipimia ziko kwa katibu pale mlangoni. Wa Kamukunji, Gikomba na Kariobangi mchukue kwanza.