Chakula cha Hitla

Asanteni kwa kuja. Nyinyi mliosimama kule nyuma, viti vya mbele havina wenyewe, njooni mkae.

Nianze na aibu yangu. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimeolewa Murang'a. Mara ya kwanza mama mkwe alipokuja kukaa kwangu hapa Nairobi, nilitaka ajue kwamba mwanawe ameoa mtu wa jikoni. Nikampikia muhogo wa nazi. Tui la kwanza, tui la pili, ndimu, na pilipili mbuzi moja nzima ikielea juu. Bibi akaitazama sahani, akaisogeza kwa kidole kimoja, akaomba chai. Nikadhani ni nazi imemshinda. Kesho yake nikamchemshia mkavu, na chumvi. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho ni chakula cha Hitla."

Mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa na miaka minane. Mnacheka, na mimi nilicheka. Pwani muhogo ni futari, ni kitu cha kununua barabarani ukirudi kazini jioni, na pilipili ya unga juu. Kwake ulikuwa vita. Wakati huo mimi tayari nilikuwa napekua magazeti ya kale kwa shughuli nyingine, nikasema ngoja nimtafute huyu Hitla wa mama mkwe.

Nikaenda maktaba ya McMillan. Mnaijua, Banda Street, ile yenye nguzo na simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa 1931, Lady McMillan akimkumbuka marehemu mumewe. Ilikuwa maktaba ya Wazungu, na iliendelea hivyo miaka yote ya vita. Mwafrika aliyepita kati ya wale simba alikuwa na ufagio mkononi. Halmashauri ya jiji iliichukua 1962. Ndiyo sababu nasema maktaba ile ina kichekesho chake: kumbukumbu za maisha yetu zimehifadhiwa ndani ya nyumba ambayo sisi hatukuruhusiwa kuingia.

Humo mna majalada ya gazeti la East African Standard yanayorudi nyuma hadi miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Jalada la 1943 hulifungui magotini. Unalilaza juu ya meza kwa mikono miwili, kurasa zimekauka, kingo zinamomonyoka kama chapati ya juzi, na ukimaliza vidole vyako vina rangi ya chai. Ukurasa wa mbele ni wa majemadari. Stalingrad, Tunisia, Sicily. Wengi hukomea hapo, wanapiga picha kwa simu, wanaenda zao. Mimi huwaambia pindueni. Vita vya nyumbani vimeandikwa kwa herufi ndogo: bei zilizopangwa na serikali, mgao wa petroli, agizo la nani auze nini na wapi, na katikati ya hayo setla anatafuta mpishi.

Sasa nisikilizeni hapa kwenye mahindi, maana ndipo kila kitu kilipofungamana. Mwaka 1942 serikali ilianzisha mamlaka ya kushika mahindi yote ya koloni, Maize Control. Setla alihakikishiwa bei kabla hata hajapanda. Mkulima Mwafrika alilipwa pungufu kwa gunia la mahindi yale yale, na hakuwa na ruhusa ya kuyavusha kwenda wilaya nyingine anakoona kuna njaa. Hapo hapo jeshi lilikuwa linanunua chakula kwa pupa. Burma ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wajapani mapema mwaka huo, mchele wake ukakatika, na waliozoea wali wakageukia unga. Halafu mvua za mwisho wa 1942 zikakosekana. Kufikia 1943 posho ya vibarua ilipunguzwa, na mahindi yenye bei rasmi yakawa hayaonekani. Yaliyoonekana yalikuwa ya magendo. Serikali ikaunda tume kuchunguza upungufu wa chakula, mwaka huo huo.

Na nani alime? Karibu wanaume 98,000 wa Kenya walipita jeshini katika vita vile, ndio keya wa hadithi za babu zenu. Juu yao, tangu 1942, kulikuwa na sheria ya kuchukua watu kwa nguvu kuwapeleka mashamba ya masetla. Toa hao wote, uniambie nani amebaki na jembe. Jibu ni mama yake mama mkwe wangu, na shamba lake, na mtoto mgongoni.

Akiba ilipoisha, milimani kuliletwa muhogo mkavu kutoka mbali, yale tunayoita makopa. Watu wa Murang'a na Nyeri na Kiambu hawakuwa na desturi nayo. Muhogo kwa Kikuyu ni mwanga, ikiwa mingi mianga, na njaa ile mpaka leo wazee wanaiita Ng'aragu ya Mianga, njaa ya mihogo. Taabu yake haikuwa ladha peke yake. Sisi Pwani tunajua upi mtamu na upi mchungu, tunajua kuloweka, kuanika, kutwanga, kuchekecha. Haya ni mambo ya kufundishwa na nyanya. Mama yule alishushiwa gunia, hakushushiwa nyanya wa kumfundisha. Mama mkwe alikuwa akisema ule uji ulikuwa mweusi na unavutika kama ulimbo, na kwamba mama yake aliukoroga akiwa amewapa watoto mgongo. Kwa nini mgongo, sikuwahi kumuuliza. Najuta.

Basi nikapekua. Upungufu wa chakula upo. Bei ipo, tume ipo. Mianga sikuiona. Nikaomba jalada lingine, na lingine, msaidizi wa maktaba akaanza kunitazama vibaya. Jina ambalo watu wenyewe waliipa njaa yao halikuwamo katika kurasa nilizofungua za gazeti lililotoka kila siku hapa Nairobi, kilomita themanini tu kutoka kwao Murang'a. Tazameni vizuri jambo hili. Maktaba ilihifadhi agizo, na mama mkwe akahifadhi jina. Ukiwa na kimoja bila kingine, hujui kilichotokea.

Gazeti la Kiswahili lilikuwapo, msiniambie halikuwapo. Baraza lilianza 1939, likitolewa na kampuni ile ile ya Standard, kwa ajili ya wasomaji Waafrika. Hilo nalisoma bado, nipeni muda.

Pwani nitapita haraka, maana najua nikianza sitamaliza. Malindi ilidondoshewa mabomu na ndege za Waitaliano Oktoba 1940. Mwaka 1942 manowari za Waingereza za bahari ya mashariki zilihamia Kilindini, na shule ya Allidina Visram, hiyo hiyo mnayoijua, ikageuzwa nyumba ya kusikilizia na kufumbua siri za Wajapani. Bibi yangu mzaa mama alichokumbuka ni giza tu, taa kuzimwa kwa amri, na bei ya kanga.

Na kutoka Kilindini hapo ndipo ilipong'oa nanga Khedive Ismail, Februari 1944, ikielekea Colombo. Tarehe 12 nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hebu fikirieni ni nyumba ngapi, kutoka huku kwetu hadi Uganda na Tanganyika, zilizokuwa zinasubiri barua.

Waitaliano waliokuwa mateka wametuachia kanisa dogo pale Mai Mahiu, matatu zinapita mbele yake kutwa. Waliokula mianga hawajawekewa hata kibao.

Mwisho, hiki hapa mezani. Wengine wameniuliza mlangoni kama nimekuja na silaha. Ni mchi. Ulikuwa wa mama yake mama mkwe. Alinipa mwaka mmoja kabla hajafariki, akasema mtu wa Pwani atajua kuutumia. Tazameni katikati, hapa palipobonyea. Hapo pamelika kwa viganja, kulia juu, kushoto chini. Pitisheni huko nyuma, kila mtu ashike. Ni mzito kuliko unavyoonekana, na mtoto asiushike peke yake.