Jinsi ya Kuitungia Muziki Zaburi ya 13 Iimbwe na Kanisa Zima

Karibuni tena, walimu wa kwaya na wapiga kinanda. Leo tunaitungia muziki Zaburi ya 13, na tunataka aimbe hata mama aliyekaa benchi la nyuma, si kwaya peke yake. Nimeichagua kwa kuwa ni fupi, aya sita tu, na kilio chake hakijifichi: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?"

Kinanda kiache kwanza. Fungua Biblia, soma kwa sauti, taratibu. Utaona "hata lini" imekuja mara nne ndani ya aya mbili za mwanzo. Basi kiitikio tumeshapewa, hatuna haja ya kubuni maneno: Hata lini, ee Bwana, hata lini?

Sasa yaseme maneno hayo huku ukipiga kofi. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho: LI-ni, BWA-na, mi-LE-le, utanisa-HA-u. Kofi zito liangukie hapo. Nyimbo nyingi tulizopokea kutoka Ulaya zilikuja na tuni zake, maneno ya Kiswahili yakabandikwa baadaye, ndiyo maana kila mara tunajikuta tunavuta silabi isiyostahili. Leo tuni ni yetu, hatuna kisingizio.

Tazama solfa kwenye skrini, yaani majina ya sauti: doh, re, mi, fa, so, la, ti. Doh ni F ya kinanda, tunaanzia la ya chini. "Hata": la, doh. "Lini": mi, re. "Ee": doh. "Bwana": fa, mi. "Hata": re, doh. "Lini": re, ti ya chini. Imba nami tena, polepole.

Umesikia ilipoishia? Kwenye ti. Haikurudi la, sauti tuliyoanzia, na sikio linabaki linasubiri, kama anavyosubiri huyo anayeuliza. Mpiga kinanda atakushawishi umalizie la ili wimbo "utulie". Mkatalie. Besi, wenye sauti nzito ya chini, nao washike la, wahamie mi kwenye "lini" ya mwisho tu. Sauti ya pili na ya tatu zisubiri mpaka kanisa limeishika tuni.

Mashairi, yaani aya zenyewe, mpe mwimbaji mmoja. Usiyatafutie vina, yaache yalivyo kwenye Biblia. Akae juu ya mi, atamke kwa mwendo wa kusoma, kisha ateremke kwenye mkazo wa mwisho. Mfano: "Hata lini utanificha uso wako?" Yote mi mpaka "uso", halafu "wa" re, "ko" doh. Kanisa lidakie. Kiitikio kirudi baada ya aya ya 1, ya 2 na ya 4. Baada ya aya ya 3 usikiweke, maana sentensi bado inaendelea.

Aya ya 5 ndipo kwaya nyingi zinapoharibu. "Nami nimezitumainia fadhili zako." Zaburi haisemi kwamba adui ameondoka wala kwamba jibu limekuja, lakini sisi tukifika hapo biti inawashwa, sebene linaanza, vitambaa vinapepea, na kilio chote kinageuka utangulizi wa kucheza. Mimi nasema mwendo ubaki ule ule. Mwimbaji apande tu kutoka mi hadi so, na kila mstari autue doh. Kayamba, kama ni lazima, iingie aya ya 6, tena kwa mkono mwepesi.

Kufundisha ni rahisi. Usigawe karatasi. Kwaya iimbe kiitikio, kanisa lirudie, bila ala yoyote, kisha mwimbaji aanze aya ya 1 papo hapo. Jumapili ya kwanza ishia aya ya 4 kama muda ni mdogo, ila Jumapili inayofuata uimalize.

Wakiona Doh F iko chini mno, pandisha iwe G. Usizidishe hapo, fa itaanza kuwabana wanaume.